Kisiagi Kisichopokea Ngano

Jua halijapanda juu ya mabati ya Kitengela. Resian Lemayian ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa kisiagi, mikono yake miwili imezama katika beseni la maji moto. Hana haraka. Mvuke unampanda usoni, naye amefumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo unaotoka nyumba ya mbali. Ndani ya maji, vidole vinafunguka polepole, kimoja baada ya kingine.

Vikishafunguka vya kutosha kushika mpini, anajifuta, anajitanda leso kichwani na kuiwasha mashine. Ukuta unatetemeka. Unga wa kwanza wa siku, mweupe na wenye uvuguvugu, unaanza kumwagika kwenye mfuko wa mashine.

Mteja wa kwanza amebeba ndoo ya nafaka za uji. Kabla hajaitua, Resian anamuuliza swali analomuuliza kila mtu.

"Hii iko na ngano?"

Mteja anasema ni kidogo tu, ya kuufanya uji uwe laini. Resian anamwomba radhi na kumwelekeza kisiagi kingine ng'ambo ya barabara ya Namanga. Mwanamume huyo anaondoka akigeuka nyuma kutazama maandishi yaliyopakwa rangi juu ya mlango: HATUSAGI NGANO.

"Wengine hufikiria ni mambo ya dini," anasema Resian, akitabasamu. "Mimi huwaambia ni mambo ya mikono."

Resian, mwenye umri wa miaka 43, alizaliwa katika boma la wafugaji nje ya mji wa Kajiado. Aliolewa na Mulinge, mchonga mawe, wakahamia Kitengela kufuata machimbo. Binti yao Whitney alipoanza shule, Resian alitafuta kazi, akaipata kwa Rahab Mwihaki, mjane mwenye kisiagi cha mashine mbili karibu na soko.

Kazi ile aliipenda tangu siku ya kwanza. Aliupenda mngurumo uliozima kelele zote za mji, akabaki peke yake na mawazo yake katikati ya watu. Alipenda kuingiza mkono ndani ya unga uliotoka tu kusagwa, wenye joto kama la ndama aliyelala. Asubuhi, mwanga ulipopenya kwenye matundu ya mabati, vumbi la unga lilielea ndani yake bila kutua, na Resian alikuwa akisimama akilitazama hadi mteja amguse bega.

Jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Mulinge alikuwa akimwambia Whitney, ambaye wakati huo alikuwa mdogo, kwamba Kilimanjaro imekuja kuwatembelea.

Maumivu yaliingia kwa mlango wa nyuma. Asubuhi moja vidole vilikataa kufunga kifungo cha blauzi. Resian akadhani ni baridi, kwa maana upepo wa Kitengela unapotoka kwenye mbuga ya Athi hauulizi mtu ana sweta au hana. Akanunua dawa ya kuchua. Shemeji akamwambia anywe supu ya mbuzi yenye mizizi. Akanywa. Viganja vikaendelea kuvimba, kisha magoti, na tumbo nalo likawa linajaa na kuuma kila anapokula. Nguo zikaanza kumpwaya.

Siku moja alikuwa akimpimia mteja mahindi, mkono ukaachia wenyewe. Gorogoro, lile kopo la kupimia, ilianguka na mahindi yakatawanyika hadi barabarani. Hakuna aliyemkaripia. Rahab mwenyewe aliinama akayaokota pamoja naye. Lakini Resian anasema hapo ndipo alipoogopa kweli, kwa sababu hakuwa amesikia mkono ukiachia. Aliona tu mahindi chini.

Katika kliniki moja mjini, Daktari Wakhungu alimpima damu na kumtuma Nairobi, ambako walichukua kinyama kidogo cha utumbo wake kwa uchunguzi. Majibu yalikuja na magonjwa mawili. La kwanza lilikuwa baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo vyake yenyewe. La pili lilikuwa siliaki, ugonjwa unaofanya utumbo uumizwe na gluteni, protini iliyomo ndani ya ngano na shayiri.

Daktari alimweleza taratibu. Dawa za viungo angeendelea kuzimeza, na chakula kisingechukua nafasi yake. Ila ngano ilipaswa kutoka kabisa katika maisha yake, hata ile ya kuonja. Hakumwahidi kwamba mikono ingepona. Alimwambia tu kwamba mwili unaopigana vita viwili ukipunguziwa kimoja hupata nafasi ya kupumua.

Resian alienda nyumbani akafikiria chapati za Krismasi. Akafikiria mandazi ya saa nne, yale aliyoyala akiwa amesimama, chai mkono mmoja. "Nililia kidogo," anakiri. "Si kwa ugonjwa. Kwa chapati."

Jioni iliyofuata Mulinge aliichukua sufuria ya kukandia unga na kikaango cha chapati jikoni, akavifunga kwenye gunia na kumpelekea jirani. Tangu siku hiyo chapati zake anazila machimboni, kisha ananawa mikono na mdomo kabla ya kupanda kwenda nyumbani. Nyumba yao ikahamia kwenye ugali, viazi, ndengu, wali siku za wageni, na uji wa wimbi.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwenye harambee ya kanisa, akina mama walimwekea chapati mbili juu ya mchuzi, naye akairudisha sahani nzima, maana mchuzi ulikwisha kuguswa. Alisikia mmoja akinong'ona kwamba Mama Whitney siku hizi anaringa. Kuanzia hapo akawa anabeba chakula chake kwenye kopo, na kula akiwa amewapa wenzake mgongo.

Miezi ikapita na tumbo halikutulia. Asubuhi vidole vilikuwa bado kama vilivyoazimwa na mtu mwingine na kurudishwa vimechakaa. Daktari Wakhungu akatazama vipimo vipya, akamuuliza kwa upole kama kuna siku anajisahau. Resian akaapa kwamba hajaweka ngano mdomoni. Daktari akauliza tena. Resian akakasirika, akijikaza asilie mbele ya mgeni.

Ndipo daktari akamtazama vizuri. Resian alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Kulikuwa na weupe kwenye kope zake, na mwingine ndani ya mkunjo wa sikio.

"Mama, unafanya kazi wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kwenye kadi yake palikuwa pameandikwa biashara ndogo. Resian alipomweleza kuhusu kisiagi, na kwamba karibu nusu ya kinachosagwa pale ni ngano ya hoteli na ya wauza chapati, daktari aliweka kalamu chini.

"Ngano unayoitoa kwenye sahani inakurudia kwa hewa," alimwambia. "Unaivuta, inashuka kooni, unaimeza siku nzima."

Resian anakumbuka kutembea kurudi kazini siku hiyo kama mtu aliye ndani ya maji. Alisimama mlangoni. Mwanga ulikuwa umepenya kwenye matundu ya mabati, na vumbi lile lile alilolipenda lilikuwa likielea. Aliliona zuri kama zamani. Anasema hilo ndilo lililomuumiza.

Alimweleza Rahab kila kitu. Rahab alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika kiuno. Ngano ndiyo iliyowasomesha watoto wake baada ya mumewe kufariki, alisema, na wateja wa ngano ndio waliolipa stima. Alimnunulia barakoa, nzuri kuliko zote dukani. Resian aliivaa wiki kadhaa. Lakini vumbi la unga hupita popote, na barakoa huvuliwa mtu anapokunywa maji.

"Mama Ciku, sina ugomvi na wewe," Resian alimwambia mwajiri wake hatimaye. "Lakini hii kazi inanila."

Akachukua leso yake akaondoka. Kesho yake alikuwa Kajiado kwa mama yake.

Siku zile za Kajiado anazisimulia kama mtu anayesimulia ndoto, akianza katikati na kurudi nyuma. Anakumbuka kulala mchana kivulini mwa zizi la ndama, upepo ukipita juu ya ukuta. Anakumbuka maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi wa mti wa kukisafishia. Mama yake, ambaye anamwita Yeyo kama watoto wote wa Kimaasai, alimpikia ugali wa mtama na nyama, na hakumuuliza lolote.

Usingizini aliota mvua ya ngano ikinyesha juu ya tambarare nzima, laini, bila sauti, nayo haikumgusa. Alikuwa amenyoosha mikono na punje zilipita pembeni. Alipoamka mbuzi walikuwa wakimtazama.

Dawa zake alizimeza kila siku. Tumbo ndilo lililotangulia kunyamaza. Kisha siku moja akajikuta anamkamua mbuzi wa mama yake, maziwa yakipiga sufuria, na mkono ulikuwa umefanya kazi hiyo kabla yeye hajaufikiria. Aliacha akautazama. Halafu akaendelea.

Rahab alifika Jumapili moja baada ya ibada, akiwa amevaa nguo zake za kanisani. Yeyo alimwamkua, "Takwenya," naye kwa miaka yake mingi katika kaunti ya Kajiado alijua kuitikia, "Iko." Kisha, kama inavyompasa mgeni, akatoa zawadi kwenye mfuko: bando la unga wa ngano, sukari na majani ya chai.

Yeyo aliipokea zawadi kwa mikono miwili na kumbariki. Halafu akaiita nyumba ya jirani, akawakabidhi lile bando juu ya ua, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akarudi kuketi. Alifanya hayo bila haraka. Rahab alitazama yote.

"Nimesahau," Rahab alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nimefika hadi hapa kukuomba urudi, na nimebeba hicho hicho."

Walikunywa chai. Rahab akaeleza kwamba alikuwa akiendesha mashine mwenyewe, na sasa anakohoa. Alizungumza kuhusu mahindi na bei ya stima. Resian akainuka kwenda kumkamua mbuzi, na Rahab akamfuata akasimama kando ya zizi. Alivitazama vile vidole kwa muda mrefu. Vilikuwa vikifunga na kufunguka.

"Vinaweza?" aliuliza.

"Siku zingine."

Rahab hakuahidi kitu siku hiyo. Wiki mbili baadaye alipiga simu kusema kwamba mashine ya ngano ameiuza kwa mpwa wake Kiragu, ambaye ameiweka kwenye kibanda chake ng'ambo ya barabara. Iliyobaki ingesaga mahindi, mtama, wimbi na mihogo tu. Kama Resian anaitaka kazi, ipo, ila malipo yatapungua mpaka wateja wazoee.

Anapoulizwa sababu, Rahab anasugua goti lake na kuangalia upande mwingine. "Yule mama alinawa mikono," anasema. "Alinawa kama mtu aliyeshika dawa ya ng'ombe. Na ni unga wangu."

Walikisafisha kisiagi wote, Mulinge pia. Walifungua mashine vipandevipande, wakabadilisha chekeche, wakakwangua vumbi la miaka kwenye mbao za dari, wakapaka kuta chokaa. Whitney, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, ndiye aliyepanda ngazi na kuandika yale maneno juu ya mlango.

Baadhi ya wateja walihama na hawajarudi. Kwa siku Resian sasa anapata takribani shilingi mia tano, kiasi kilicho pungufu ya alichopata zamani. Wengine wamekuja kutoka mbali, wengi wao wakiwa akina mama wenye watoto walioambiwa na madaktari waache ngano, waliochoka kusaga mahali ambapo mashine moja hupitisha kila kitu.

Mikono haijapona. Vidole viwili vya kushoto vimepinda na daktari anasema vitabaki hivyo. Kuna asubuhi ambazo beseni la maji moto halitoshi, na Rahab ndiye huinua magunia. Lakini vipimo vya utumbo vimekuwa vizuri, nguo zimeanza kumkaa, na ukakamavu wa asubuhi ambao ulikuwa ukidumu hadi wakati wa chakula cha mchana sasa huondoka kabla wateja hawajajaa. Daktari Wakhungu anagawa sifa: nyingi kwa dawa, nyingine kwa sahani, na kiasi kwa hewa safi.

Adhuhuri mashine inazimwa ili ipoe. Kimya kinachofuata ni kizito. Resian anaketi na kopo lake la ugali na sukuma wiki, akiwa ametazama barabarani, hajampa mtu mgongo.

Anataka kisiagi chake mwenyewe, anasema, kidogo, pale kwao Kajiado, ambako akina mama hubeba mahindi mwendo mrefu kwenda kusaga. Ameshachagua mahali, juu kidogo ya boma, upepo unapopita. Pesa za mashine hana. "Lakini ukienda utapaona," anasema. "Mimi hupaona hata nikiwa hapa, nikifumba macho."

Mulinge huenda na mawe mawili matatu kila wanapomtembelea Yeyo, yale yaliyokatika pembe machimboni na ambayo mnunuzi ameyakataa. Yamefika safu moja ya ukuta wa upande mmoja. Yeyo amehamisha njia ya mbuzi wake ili wasipite hapo, na mtu akimuuliza ni nini kile, humwambia aje na mahindi yake mwaka ujao.