Daktari alialika familia kwenye raundi ya wodi ya watoto, sisi tukaja ukoo mzima na kujibu "njema"

Wakuu, wa bara na wa visiwani, amani iwe kwenu. Haya sikuhadithiwa na mtu. Mtoto ni wangu, wakwe ni wangu, na aibu tuligawana sawasawa. Chumvi siongezi, yenyewe ilikuja imekolea.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, kisiwani kwetu Faza. Kijana wangu Athman, bado hajaanza hata chekechea, alishikwa na nimonia. Tukavuka naye hadi Amu, yaani Lamu mjini, akalazwa wodi ya watoto. Mama yake, Mwanaidi, akawa analala naye. Mimi nikapewa godoro kwa rafiki yangu mtaa wa Langoni, mchana nashinda hospitali.

Sindano zilimfaa. Homa ikashuka, wakambadilishia dawa, wakampa ya maji ya kunywa.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Kila akinywa, anatapika. Na mke wangu, kwa heshima zake, anafuta haraka na leso ili asiwachafulie watu pahali pao. Nesi akija anakuta shuka safi, mtoto kalala, kila kitu shwari.

Nikamwambia Mwanaidi tumwambie nesi. Akasema tungoje, kesho tutamwambia daktari mwenyewe.

Maana daktari alikuwa ametualika. Daktari Chebet, dada kijana wa kutoka bara, mchangamfu sana. Alisema siku hizi raundi wanafanya na familia, si kutuzungumzia juu ya vichwa vyetu kwa Kiingereza. "Kesho familia iwepo. Nyinyi ndio mnamjua huyu mtoto kuliko sisi."

Wakuu, kosa langu ni simu. Nilimpigia mama mkwe, Bi Amina, nikamwambia daktari anaitaka familia.

Daktari alimaanisha baba na mama. Faza walisikia mwaliko.

Asubuhi naingia wodini nakuta mkeka umetandikwa kati ya vitanda. Bi Amina yupo na thermos ya chai na mkate wa sinia. Shangazi wapo, binamu wapo, na mtu mmoja mpaka leo sijui ni wa kwetu au alifuata mkate. Mbele yao ameketi Ami Shee, amu yake mke wangu, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono. Ni yeye aliyesema upande wao siku ya posa yangu, na siku hiyo kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe chai ilipoa ikachemshwa tena.

Nesi akataka kuwatoa. Daktari akacheka, akasema waache, si tuliwaita wenyewe?

Akasimama miguuni pa kitanda na wanafunzi wake, akatusalimia. Akaanza na Ami Shee.

"Mzee, mtoto anaendeleaje?"

"Njema, alhamdulillah."

Akamgeukia Bi Amina. "Bibi, wewe unamwonaje?"

"Alhamdulillah, mwanangu."

Akanitazama mimi. Na mimi, niliyeyaona matapishi kwa macho yangu, mdomo ukajifungua wenyewe: "Alhamdulillah, Daktari."

Mwanaidi akatazama chini. "Alhamdulillah."

Kabla hamjanirushia mawe, nielezeni nyinyi kwenu mnajibuje. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu njema hata kama paa limeanguka. Si uongo, ni kumshukuru Mungu kwanza. Anauliza tena, unasema njema tena. Akiuliza mara ya tatu ndipo unasogea karibu na kusema, "Njema, ila paa limeanguka." Anayeanza na paa anaonekana hakufundwa.

Sasa kwa Daktari Chebet hao walikuwa mashahidi, na ushahidi umekubaliana. Kwetu sisi mazungumzo hayajaanza. Ami Shee alikuwa ndiyo kwanza anakohoa kusafisha koo.

"Vizuri sana!" akasema daktari. "Basi leo anaenda nyumbani, dawa atamalizia huko."

Akahamia kitanda cha pili.

Namtazama Athman, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Nawaza safari ya boti na mtoto asiyeshika hata tone la dawa, na tukishafika nani atamrudisha? Lakini nitasemaje? Msemaji ni mkwe wangu, na mkwe hakatizwi. Niliogopa adabu kuliko nilivyoogopa nimonia. Naandika hivi nikijionea haya.

Ami Shee yeye hakuelewa kwamba zamu yetu imekwisha. Aliinuka, akapanga kanzu, akamfuata daktari kitanda cha pili. Na ukoo mzima ukamfuata Ami.

Huko kalazwa kijana aliyevunjika mkono, mama yake pembeni. Daktari akashangaa. "Na huyu pia ni wenu?"

"Sote ni watu wa nti moja," akasema Ami Shee.

Daktari akamuuliza yule mama mtoto anaendeleaje. Kabla hajafungua kinywa, Ami akamjibia: "Njema, alhamdulillah."

"Wewe wamjua mwanangu?" yule mama akamuuliza.

Wodi ikaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, jamani, na moyo unauma.

Hapo Mwanaidi akasimama. Mke wangu huyu mbele ya amu yake hata maji haombi. Akapaza sauti kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha 'yeo' kwa leo na 'mato' kwa macho, mpaka nesi wa mlangoni akageuka.

"Ami, niwie radhi! Daktari, mwana hawezi! Dawa yote aitapika, tangu jana hakuna iliyokaa. Mtazame mato yake! Yeo nikimpandisha boti nitamzika!"

Sote tukamtazama Ami Shee, tukingoja radi.

Ami akashika kofia yake. "Ndiko nilikokuwa naelekea," akasema.

Daktari alikuwa amesharudi kwa Athman, anavuta ngozi ya tumbo, anaangalia ulimi, kupima kama amekaukiwa maji. Dripu ikaitwa, sindano ikarudishwa. Alipotulia akauliza, bila hasira, mbona mlisema njema?

Bi Amina akamjibu kwa upole kabisa: "Umetuuliza mara moja tu, mwanangu."

Daktari akavuta kiti, akaketi, akapokea chai.

Tangu siku ile kila raundi alikuwa anatuuliza, tunajibu njema, anauliza tena, tunajibu tena, na wanafunzi wake wamesimama wima wanangoja. Mara ya tatu tunamwaga yote.

Siku Athman alipokimbia wodini akiwa na kipande cha mkate mkononi, daktari akamuuliza Ami Shee, mtoto anaendeleaje? Njema. Akauliza tena. Njema. Akauliza ya tatu, akasubiri.

Ami akafikiri, akatafuta, akakosa. "Daktari," akasema, "yeo haina ila." Na mzee huyo akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu.

Somo nililolipata: ukiwa mbele ya daktari na mtoto hawezi, anza na ubaya. Shukrani ifuate, Mungu hachelewi kuipokea. Na nyinyi madaktari mliomo humu, hongereni kwa kutuita kitandani, ila mkituita, ulizeni zaidi ya mara moja.

Anayetaka kunicheka acheke. Ila kwanza aniambie, kwao mtoto akitapika dawa, nani hupewa ruhusa ya kusema?