Tangazo la Kukhu

Juzi fundi mmoja mjini Kakamega aliwasha televisheni ya zamani, zile zenye mgongo, na harufu ya vumbi lililopata moto ikanifikia nikiwa bado mlangoni. Nilisimama tu. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya saa moja jioni, ya chai ya maziwa, na ya Kukhu, mama yake baba, akinyamazisha nyumba nzima ili binti yake aongee.

Binti huyo alikuwa Senje Rosebella, shangazi yangu, mtangazaji wa kituo kidogo cha televisheni kilichofunguliwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kituo kilikuwa na jina lake rasmi, lakini kwetu upande wa Sigalagala hakuna aliyelitumia. Watu walisema tu "ile ya Rosebella". Jamani, tulivimba vichwa! Jumamosi walionyesha mapigano ya fahali, Jumapili kwaya zetu, na majirani walijaa sebuleni mpaka Mama akakosa pa kuweka sahani ya obusuma, ugali wetu. Senje akisema "Mulembe," Kukhu alimwitikia kwa sauti, kisha akalalamika kwamba mtoto wake siku hizi anaringa.

Lakini kipindi chenyewe kilikuwa matangazo ya vifo. Senje aliyasoma polepole, marehemu na ukoo wake wote: mama yake fulani wa Nairobi, nyanya yake fulani wa polisi. Kukhu, aliyekuwa mzima kabisa na bado analima, alitaka lake lije kuwa zuri kuliko yote. Kila Senje alipokuja nyumbani alilazimishwa kulikariri upya, maana halikukaa wiki bila kubadilika. Mama akichelewesha chai, jina lake lilitolewa. Mimi nilitolewa kwa sababu ya kifaranga aliyebebwa na mwewe nikicheza mchezo wa kati na wenzangu. Kesho yake tulirudishwa.

Aliyetolewa asirudishwe ni Baba Mdogo Wycliffe, kitindamimba wake. Alioa mwanamke ambaye Kukhu hakumtaka, akahamia Chekalini, akaacha kuja hata Krismasi.

"Huyo usimsome," Kukhu alisema. "Watu wote wasikie hayuko."

"Mama, si ni mtoto wako?"

"Kwani mimi namuonanga wapi?"

Kisha vikaja ving'amuzi. Vituo vikubwa vilihamia huko, chetu kikashindwa. Kwanza mpiga picha alienda zake kurekodi harusi. Halafu pambano moja la fahali likarudiwa Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka sisi watoto tukawa tunamshangilia mshindi kabla hajaingia uwanjani. Mwishowe alibaki Senje peke yake, akisoma habari, hali ya hewa na vifo ndani ya koti lile lile jekundu. Jioni moja tuliwasha, tukaona chengachenga tupu. Kukhu alizikodolea macho mpaka chai yake ikapoa, na hakuna aliyethubutu kuzima.

Alifariki miaka kadhaa baadaye. Senje, ambaye sasa alikuwa akiuza vitenge sokoni, alikuja matangani na koti lake jekundu. Alishika maikrofoni, akatazama juu ya vichwa vyetu, pale ambapo kamera ingekuwa. Akaanza kwa sauti ile ile ya saa moja jioni: kwa huzuni kubwa, familia inatangaza kifo cha mama yake Wycliffe wa Chekalini.

Wa kwanza! Kabla ya baba yangu, mzaliwa wa kwanza. Baba Mdogo alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ua, kama mgeni. Alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa kofia. Mimi nilikasirika sana. Niliona Senje amemwibia Kukhu tangazo lake sasa kwa kuwa hawezi kujitetea.

Kinyongo hicho nilikaa nacho mpaka nikawa mtu mzima. Siku moja nilimuuliza kibandani kwake, akikunja vitenge. Hakuacha kukunja.

"Siku tuliyofunga kituo nilifika nyumbani nikilia," alisema. "Mama hata pole hakunipa. Aliniambia, 'Sasa hakuna mtu anasikiliza. Wycliffe mweke wa kwanza.'"