Kiboko wa Ryoba Anaamkiwa

Mdogo wangu Ryoba ni seremala hapa Nyakato, na amechoka. Naandika habari zake akiwa hai, maana tumezoea kusifia watu wakiwa tayari kwenye jeneza.

Tulizaliwa Buswahili. Mnyama wa ukoo wetu ni kiboko: hatumuui, hatumli, tukimkuta tunampisha. Miaka kumi na miwili iliyopita Ryoba alibuni mchezo wa mezani. Kuna ubao wenye ziwa na milima, mashujaa, majitu ya vichwa viwili, na dadu za mti. Kila kipande anakichongaga kwa mkono, mimi napiga msasa. Ukikutana na jitu, unapigana. Ukikutana na kiboko, unalaza mkuki chini, unasema, "Shikamoo mkubwa, naomba njia." Unakosa zamu moja, halafu unapita. Mchezo ulifika mpaka Kisorya, watu wakawa wanaucheza wakisubiri kivuko.

Sasa vidole vyake vimepinda, na mgongo haunyooki. Ndiyo maana Raya, binti wa kampuni moja ya magemu ya simu, alipotupigia kutoka Dar, nilimshukuru Mungu. Walitaka kibali cha kuutumia mchezo: kwanza gemu, baadaye katuni, fulana, na picha kwenye madaftari ya shule. Kwa malipo yao Ryoba angeweka kisu chini, apumzike.

Juzi Raya alikuja na mkataba, na gemu ya majaribio kwenye simu.

"Mzee, jaribu kwanza, halafu usaini."

Ryoba akacheza. Akaangusha majitu mawili, akacheka mpaka akakohoa. Kisha kiboko akaibuka majini. Kwenye kioo kulikuwa na mkuki tu wa kubonyeza. Kidole cha Ryoba kikasimama.

"Shikamoo mkubwa, naomba njia."

Kiboko akamla. Ryoba akaanza upya, akaamkia, akaliwa tena.

"Mzee, mpige!" Raya akacheka. "Huyo ni kiboko, siyo baba mkwe!"

"Nitampigaje, mwanangu? Salamu mmeitoa."

"Bosi anasema watoto hawasubiri zamu. Ukiwasubirisha wanaifuta gemu."

"Mpigie, umwombe."

Raya akatoka uani na simu yake. Mimi nikasali pale pale kwenye kigoda, na sitaficha: niliomba mdogo wangu alegeze.

Raya alirudi ameinamisha uso. "Amekataa, mama. Salamu ikibaki, hakuna mkataba. Hata fulana hakuna."

Ryoba alimrudishia kalamu kwa mikono miwili. "Msalimie bosi wako. Umalize chai, safari ni ndefu."

Raya hakuimaliza.

Alipoondoka, Ryoba akasema, "Dada, nilitaka kupumzika kweli."

"Najua, baba."

Kulikuwa na oda ya Kisorya, seti nne. Akavuta kipande cha mti, akaanza na masikio ya kiboko. Nikasogeza kigoda karibu yake, nikachukua msasa.