Aliyetoweka Mbele ya Kamera Mara Tisa

Kazi yangu ni kutengeneza masomo ya watu nisiowaona. Nikisema hivyo mtaani kwetu Pasiansi, watu huniuliza kama mimi ni mwalimu au fundi kompyuta, na nimechoka kueleza. Ni mbunifu wa masomo ya masafa: napanga mwalimu wa chekechea aliyeko kisiwani asome nini kwenye simu yake, aanze na kipi, apimwe vipi, bila kuacha darasa lake kuja mjini. Siku hizi kuna programu inayoandika somo zima kabla chai haijapoa, na bosi wangu hupenda kunitania: "Dada, wewe tunakuweka hapa kwa huruma tu." Huwa nacheka. Moyoni namjibu maneno yasiyoandikika.

Ijumaa moja aliniletea jina la mwanafunzi wa kufutiwa mtihani wa mwisho. Lilikuwa moja tu: mwalimu wa chekechea wa Nansio, huko kisiwani, niliyekuwa naye kwa miaka miwili na ambaye hakuwahi kuchelewesha hata zoezi moja. Mtihani ulifanyika wiki iliyotangulia, kwa simu, kila mtu nyumbani kwake, kamera ikimwangalia. Mtahiniwa akitoweka zaidi ya mara tatu, kompyuta inaandika kwamba ameibia, na kumtumia ujumbe hapohapo. Yeye alitoweka mara tisa. Barua ya kumwondoa ilitakiwa itoke saa kumi jioni, na bila stashahada ya kozi yetu, shule yake ingempa mtu mwingine darasa lake.

"Mara tisa!" bosi akasema. "Huyu hata aibu hana."

Kanuni ya mara tatu niliitunga mimi. Tena nilijisifu.

Nikafungua video yake, angalau nimwone akiibia kwa macho yangu. Kweli, yuko mezani anaandika, mara hayupo. Ukuta mtupu. Baada ya muda anaibuka, anaendelea kuandika. Nilikuwa nimezima sauti kwa sababu bosi alikuwa anaongea na simu pembeni yangu. Mwanafunzi wangu alipotoweka mara ya tano, nikachomeka hedifoni.

"Hodi humu!" ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima. Kiti kikaburuzwa.

"Shikamoo baba." Sauti ya mwanafunzi wangu ilitoka chini, sakafuni.

"Marahaba mwanangu. Tumesikia una mtihani, tukaona tuje tukutie moyo."

Yesu wangu! Kumbe alikuwa anapiga magoti. Ukoo mzima wa mumewe ulikuwa umepata habari za mtihani, wakawa wanaingia mmoja mmoja, na kila akiingia mkubwa yeye anashuka chini, anaamkia inavyotakiwa, anarudi kwenye swali lake. Na mimi, niliyezaliwa ng'ambo tu ya ziwa hapo, ninayepiga magoti kila nikienda ukweni, nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka nikatunga kanuni utadhani watu wa huku husalimiana kwa kupungiana mikono. Nikajiita mpumbavu, tena kwa sauti.

"Nani mpumbavu?" bosi akauliza.

Nikamweleza, hakuelewa. Kwao ni mbali na ziwa, na huko mkubwa huamkiwa mtu akiwa wima. Basi nikawasha kamera ya mtihani kwenye kompyuta yake, nikampa salamu kamili ya ukweni, magoti mpaka kwenye marumaru ya ofisi. Kompyuta ikaandika: mtahiniwa hayupo.

Bosi akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi pale chini. "Inuka bwana, unaniaibisha." Kisha akavuta hedifoni akasikiliza salamu zote tisa, mpaka ya mwisho. Hakuna aliyemnong'oneza jibu. Shangazi mmoja alimuuliza tu kama amekula.

Saa tisa na nusu barua ikachanwa na matokeo yakarudishwa. Amefaulu, na vizuri. Nilishusha pumzi ndefu, nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu. Kanuni yangu niliifuta palepale. Programu iandike masomo, sawa, hata yote iandike. Lakini awepo mtu anayejua watu wa huku wanaishije. Hilo nilimwambia bosi usoni, na siku hiyo hakunitania.

Nikampigia simu mwalimu wangu wa Nansio. Alilia, akacheka, akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi mpaka nikaona haya, kwa sababu aliyemponza ni mimi. Nikamwambia hivyo, nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza mbona hakupiga simu kujitetea, na ukweli alikuwa nao.

"Kompyuta iliniandikia kwamba nimeibia, mwalimu," akasema. "Nikakaa wiki nzima najiuliza niliibia saa ngapi."