Sikio la Kushoto

Januari ile masomo yalipofanywa ya bure, wazazi wa Kawangware walimiminika kwenye lango la shule kama watu waliosikia kuna unga unagawiwa. Nzula alipanga laini tangu alfajiri, mwanawe Mbithi mgongoni. Mtoto wa miaka sita si wa kubebwa, lakini Nzula hakutaka watu wamkague sana.

Mbithi alikuwa na miaka mitatu homa ya uti wa mgongo ilipomshika. Alipona, ila vidole vilikuwa vimekauka vyeusi kama makaa, na madaktari wakakata mikono yote miwili chini kidogo ya viwiko. Tangu hapo Nzula ndiye humlisha, humfunga vifungo, humkuna akiumwa na mbu. Akienda kufua nguo za watu Lavington, humfungia ndani na redio.

Sasa alikuwa amejaza soksi mbili matambara, akazishonea kwenye ncha za sweta. Ukimtazama kwa mbali, ni mtoto anayeona baridi tu. Nia yake ilikuwa aandikwe kwanza, mengine yajulikane akiwa tayari ndani.

"Unaitwa nani?" Madam Debra, mwalimu aliyekuwa akiandikisha, aliuliza bila kuinua macho.

"Mbithi Kisilu."

"Hesabu mpaka kumi."

Akahesabu mpaka thelathini, na hakuwa na haja ya kuishia hapo.

"Huyu ni mkali," alisema mama mmoja huko nyuma. "Wangu anajua kuhesabu chapati tu."

Watu wakacheka. Nzula naye akacheka.

"Haya, pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto."

Nzula alikuja na cheti cha kuzaliwa akidhani kitatosha. Kipimo hiki cha umri, alichopimwa nacho hata yeye kule Kitui, hakikumjia akilini kabisa.

Mbithi alimtazama mamake.

"Ama hasikii?" Madam Debra akamshika mkono amwinulie. Uzi ukakatika, soksi ikabaki kiganjani mwake.

Watu kwenye laini walinyoosha shingo waone. Kisha mtoto fulani akacheka.

"Mama Mbithi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenirudisha getini, Madam."

Mwalimu hakubisha. Aliilaza soksi mezani taratibu, kana kwamba yaweza kuumia.

"Darasani nina watoto tisini na wanne. Nani atamfungua suruali?"

"Mamangu," Mbithi akajibu, kama aliyeulizwa swali rahisi.

"Basi naye aje. Kila siku. Siku asipokuja, na wewe ubaki nyumbani."

Nzula aliitikia kabla hajaikumbuka Lavington.

Siku tatu alikaa nje ya darasa juu ya tofali. Siku ya nne, Mbithi alipoingia tu, alikwenda mbio Lavington kuomba awe akifua jioni. Kivuva, soja wa nyumba aliyokuwa akifulia, hakufungua geti.

"Dada, kuna mwingine. Ameshaanika za leo."

"Niitie mama mwenye nyumba niongee naye."

"Amesema ukija nisimwite." Kivuva alikuwa akiangalia viatu vyake. "Umekunywa chai lakini?"

"Nimekunywa," alisema Nzula, na hakuwa amekunywa. "Saa ngapi?"

"Tatu na nusu."

Watoto hutoka kwa mapumziko saa nne, na Mbithi angejikojolea kuliko kumwomba mtu mwingine. Nzula alijifunga leso vizuri, akashika njia ya kurudi.