Mama Mkwe na Orodha ya Kuamka

Kwa kina mke wangu, Madibira, mkwe wa kiume haongei moja kwa moja na mama mkwe. Lazima awepo mtu wa katikati. Simu za mkononi hazijabadilisha jambo hilo, zimeongeza spika tu.

Jumamosi moja tulikuwa nyumbani kwetu Iyunga, chai iko mezani, simu ya mke wangu ikaita. Akaiweka spika.

"Kamwene, mwanangu. Mwulize mwenzio, ujumbe wa maji umeenda wapi?"

Nilisikia kila neno, na jirani pia, lakini mke wangu akanigeukia kwa utulivu. "Mama anauliza ujumbe wa maji umeenda wapi."

Kwenye skimu ya mpunga ya Madibira maji ni ya zamu. Kila siku kabla ya saa sita mchana mkulima mwenye zamu ya kesho anapata ujumbe wa kumwambia kesho anafunguliwa saa ngapi, na msimamizi wa mfereji hafungui lango mpaka auone. Programu inayotuma ujumbe huo niliiweka mimi, kwenye seva iliyoko ofisi moja Kihesa, Iringa. Sasa ilikuwa saa saba. Mpunga wa mama ulishaanza kukunja majani, na zamu ikimpita angesubiri wiki nzima.

Nikafungua kompyuta na kuingia Kihesa nikiwa nimekaa pale pale. Usidhani seva ile ni sanduku zima. Sanduku ni moja, na ndani yake tumegawa mashine nne za kufikirika, kama wapangaji wa nyumba moja: kila mmoja ana mlango wake na jiko lake, ila mita ya umeme ni ya wote. Umeme ukikatika wanalala wote, ukirudi wanaamka wote. Mpangaji wangu alikuwa macho. Nilibisha hodi, akaitika. Programu ya ujumbe ndiyo haikuwepo kazini.

"Mwambie mama umeme ulikatika Iringa asubuhi."

"Anasema umeme ulikatika, mama."

"Mwulize, umerudi?"

"Umerudi, na mashine yake imewaka."

"Sasa mbona mashine yake imerudi na ujumbe haujarudi?"

Lilikuwa swali zuri, na wengi tunaoanza kazi hii linatukwaza, kwa hiyo usione haya likikukwaza na wewe. Kuiambia programu "anza" ni jambo moja. Kuiambia "anza kila mashine inapowaka" ni jambo jingine kabisa: hilo huandikwa kwenye orodha ambayo mashine huisoma kila ikiamka. Mimi niliwahi kusema lile la kwanza tu. Kila umeme ulipokatika na kurudi niliingia, nikaiwasha kwa mkono, nikajiona fundi.

Nilikuwa karibu kufanya hivyo hivyo tena. Sauti ikatoka mezani:

"Mwulize, na wakikata tena kesho?"

Mara hii mke wangu hakurudia. Aliinua nyusi tu.

Nikaandika amri, systemctl enable, na jina la programu. Ikaingia kwenye orodha. Ila orodha haiaminiki mpaka umeijaribu, na jaribio ni moja tu.

"Mwambie mama naizima mashine."

"Anaizima, mama."

"Anaizima? Si tunataka iwake?"

Ikazimika, ikawaka upya. Programu iliamka kweli, ikaanguka hapo hapo. Nikasoma kumbukumbu zake: ilijaribu kutuma ujumbe kabla mtandao haujawa tayari, kama mtu anayepiga simu wakati laini bado iko mkononi. Ikashindwa mara moja, ikakata tamaa.

Dawa yake ni mistari miwili ya kuiambia isubiri mtandao. Hapo kuwa makini. Mtandao kusema umeanza siyo mtandao kuwa tayari; rafiki yako akisema "nipo njiani" unajua bado anaoga. Nikaiagiza isubiri mpaka mtandao uwe umefika kweli. Nikaizima na kuiwasha tena.

Chai ilishapoa.

"Mwambie asiwe na haraka," sauti ikasema. "Mpunga ndio una haraka."

Kisha tukasikia, kutoka Madibira, mlio mdogo wa ujumbe ukiingia.

"Ngojeni nivae miwani." Akasoma polepole, neno kwa neno: "Kesho. Saa moja asubuhi. Mfereji wa tatu." Kisha akasema, "Asante, baba."

Mke wangu alinitazama mdomo wazi. Tangu nimuoe, lilikuwa neno la kwanza la mama kuja kwangu bila kupitia kwake. Niliinamisha kichwa mbele ya simu kana kwamba ananiona.

"Mwambie mama tumeshukuru," nikanong'ona.

"Ameshakata," akasema mke wangu. "Anatafuta jembe."