Mteja Aliyeuliza Bei ya Unga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipekuliwa mfuko mara mbili, nikiingia na nikitoka. Lilikuwa duka la mikate katikati ya jiji la Nairobi, na Meneja aliamini kila mwenye aproni ni mwizi wa siagi. Mpishi Mkuu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, hakuwashuku wafanyakazi. Aliwashuku wateja.

"Wanza," aliniambia, "mtu akiuliza bei ya keki, huyo ni mteja. Akiuliza bei ya unga, anataka kufungua duka ng'ambo ya barabara."

Nilimwamini, na imani hiyo niliibeba kila nilikokwenda.

Kwake nilijifunza keki ya mwanasesere, ambayo wateja huiita keki ya doli. Tulioka keki mbili za duara na ya tatu ndani ya bakuli la bati, tukazipanga moja juu ya nyingine, kisha tukazichonga kwa kisu hadi zikawa na umbo la sketi pana. Katikati tulitoboa shimo tukamtumbukiza doli wa plastiki hadi kiunoni, miguu yake ikiwa imezungushiwa nailoni safi ili isiguse chakula. Gauni lenyewe lilikuwa aisingi, yaani siagi iliyopigwa na sukari laini, tukiikamua kwa mfuko wenye ncha ya chuma, ua baada ya ua. Maua ndiyo yanayokula muda, na muda ndio unaosahaulika kwenye bei. Watu hujumlisha unga, mayai, gesi na doli, wakasahau mgongo wa mpishi.

Baadaye nilihamishiwa tawi la mtaa wa Karen, chini ya Msimamizi, mama mkimya aliyetazama viatu vya mteja kabla ya kutaja bei. Tawi lilipofungwa nikaanza kuoka nyumbani kwangu, Dagoretti.

Huko ndiko alikonipigia simu Mama Neema, karani wa benki moja Upper Hill. Alitaka keki ya doli ya bintiye aliyekuwa akitimiza miaka mitano. Tulipokubaliana bei, akauliza, "Naweza kuja nikuone ukiipika?"

Hakuna mteja aliyewahi kuniomba hivyo. Nilimkubalia, lakini moyo ulikataa.

Alifika Jumamosi asubuhi, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Hii unga ni pesa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na mafuta unapaka kwa sufuria, hiyo ni ya gani? Unanunua pesa ngapi?"

Nilimjibu kwa mkato. Nilipokuwa nikipima sukari nilimpa mgongo asione kipimo, naye akasogea upande wa pili ili aone. Nilipoziingiza keki kwenye oveni, uvumilivu ulikuwa umeniishia.

"Madam, unataka kuanza biashara ya keki?"

"Hapana."

"Basi bei ya unga wangu inakuhusu nini?"

"Nikiuliza watu ni nini iko ndani, wanakasirika. Wanaona nimewaita wachafu. Nikiuliza bei, wananitajia kila kitu."

Kisha akanieleza. Neema hawezi kula karanga, hata chembe. Mwaka uliotangulia alinunua keki kwa mwanamke aliyemhakikishia kwamba haina karanga. Mtoto alivimba koo, akakimbizwa hospitali akipumua kwa shida.

"Huyo mama pia alikuwa mtu mzuri," alisema, "kama wewe."

Niligeuka nikalitazama bakuli la kuchanganyia. Asubuhi hiyo lilikuwa na karanga za biskuti za mteja mwingine. Nilikuwa nimelisuuza. Keki zilikuwa zinaumuka vizuri, na yeye hakujua.

"Mama Neema," nikasema, "hili bakuli lilikuwa na karanga leo. Nimeliosha, lakini siwezi kuapa."

Akachukua mkoba wake. Nilijua anaondoka. Kumbe alikuwa anautundika kwenye kitasa. Akakunja mikono ya blauzi.

"Sabuni iko wapi?"

Tulisugua kila chombo kwa maji ya moto, tukanunua unga na sukari mpya, tukaanza upya. Bei niliiacha ile ile. Hasara ya keki za kwanza ilikuwa yangu.

Jioni aliniomba niandamane naye hadi kwao Uthiru. Watoto waliimba, Neema akakata pindo la gauni, akala. Mama yake alishika sindano ya dawa ya dharura mkononi, macho kwenye midomo ya mtoto. Nami nilitazama shingo ya Neema. Sisi wawili hatukuonja kitu.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" Neema akauliza, kisha akaomba kipande kingine.

Sasa nimestaafu. Vidole vyangu haviwezi tena kukamua maua, na binti yangu ndiye anayeoka jikoni mle. Neema yuko sekondari na hataki tena keki za doli, lakini kila mwaka mama yake huja, husimama mlangoni na kuuliza kila kitu. Mwaka huu binti yangu alinijia sebuleni amenuna.

"Mum, kwani huyu mama bado hatuamini sisi?"

"Hatuamini," nikamwambia. "Mpe kiti."